Kumbukumbu za Kikao Ambacho Hakikufanyika

Hrodna, mwezi wa pili, theluji magotini.
Waliohudhuria: hakuna.
Waliokula keki kwa Anelia: kumi na mmoja,
kwa kuwa leo Anelia ametimiza miaka sabini,
kama alivyoitimiza Novemba,
na kabla ya hapo Septemba, mvua ikinyesha.

Katibu ni mimi. Naandika nyuma ya risiti za duka la dawa,
karatasi nyembamba: ikibidi, inamezeka.
Daftari la jalada gumu nililinunua kwa ajili ya siku ya mhuri.
Liko kabatini, tupu,
nikichukua chumvi linanitazama.

Tulichotaka ni kidogo.
Korongo weupe hurudi mwezi wa tatu
wakajenga juu ya nguzo za umeme,
na kila mwaka nyaya huwaunguza wawili, watatu.
Kazimir, fundi mstaafu, alichora sinia la chuma
la kukiinua kiota nusu mita juu ya waya.
Basi. Sinia, nati nne, ngazi.

Kampuni ya umeme ikajibu:
hatuzungumzi na mtu mmojammoja, leteni chama.
Tukaenda kutafuta chama.

Mara ya kwanza msajili alitukatalia mkato:
ibara ya nne, penye kustahili nukta.
Mara ya pili, jina. Walinzi wa Korongo?
Walinzi, akauliza, mna silaha?
Tukawa Marafiki.
Mara ya tatu, tarehe ya kuzaliwa ya Lavon
ilipishana na pasipoti yake kwa siku moja,
naye Lavon akaapa alizaliwa usiku wa manane
na mkunga hakuwa na saa.
Mara ya nne, anwani.
Chama hakiruhusiwi kuishi nyumbani kwa mtu,
sheria inadai ofisi,
na kila mwenye ofisi, akilisikia neno chama,
anakumbuka ghafla kwamba paa linavuja.

Karani wa dirisha la tatu si mtu mbaya.
Ana kikohozi, na shali ya kufuma kwa mkono.
Alinirudishia faili kwa mikono miwili,
kama anayerudisha mtoto aliyelala,
akanong'ona: Mama, wako wangapi hao korongo?
Mia moja na tisa, nikasema, tulipohesabu mwisho.
Akaandika mahali. Si kwenye fomu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Hilo hata sheria inalijua,
ndiyo maana inahesabu vidole.

Leo Jadviha alitusomea kifungu, miwani puani:
atakayetenda kwa jina la chama kisichosajiliwa,
faini, au jela.
Akakunja gazeti. Akauliza:
na tukitenda bila jina?

Birika lilichemka hadi likazima lenyewe.

Tukapiga kura kulifuta jina.
Kumi waliunga mkono.
Ryhor alikataa: jina alilitunga yeye,
usiku mzima, kamusi mkononi,
akataka iandikwe kwamba alikataa.
Imeandikwa.

Kwa hiyo sisi si chama.
Hatuna mwenyekiti, hatuna hazina,
ila kopo la kahawa lenye noti kadhaa
ambalo ni kopo la kahawa.
Ni watu tu wanaofahamiana,
waliotokea kupita, usiku mmoja,
chini ya nguzo moja, na nati mfukoni.

Mengineyo: ngazi.
Ya Kazimir ina mita saba, nguzo ina tisa.
Stsiapan anayo ndefu zaidi, lakini mkewe hajui kinachoendelea,
na hataki ajue.
Suala limeahirishwa.

Keki ilikuwa ya mbegu za mpopi. Imekwisha.

Kikao kijacho hakitakuwapo
nyumbani kwa Lavon, atakapotimiza miaka hamsini na minane,
tarehe kumi na nne au kumi na tano,
mwenyewe hana uhakika.